Filamu za habari za zamani: sauti si ya pale, mwendo si wa wale

Kabla televisheni haijaingia sebuleni, habari za picha zilifuatwa sinema. Kampuni ya Pathé ilianza kuzionyesha Ufaransa mwaka 1908, ikaingia Uingereza 1910, na kwa miaka sitini hivi mtazamaji alipewa dakika chache za dunia kabla ya picha kubwa kuanza. Mwaka 2014 British Pathé ilipandisha filamu 85,000 kwenye YouTube. Tangu hapo vipande vyake vinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kila anayebishana ana chake, na vingi vinasomwa visivyo.

“Sauti unayoisikia ilinaswa palepale”

Mara nyingi sivyo. Vifaa vya kunasa sauti vilikuwa vizito na ghali, kwa hiyo mpiga picha wa vitani kwa kawaida alibeba kamera bubu. Mkanda ulipofika London au New York ndipo ulipowekewa muziki, milio ya mizinga iliyokuwa imehifadhiwa studioni, na msimulizi. Ile sauti ya kiume ya Pathé, yenye kujiamini kana kwamba mwenyewe amerudi sasa hivi kutoka mstari wa mbele, kwa miaka mingi ilikuwa ya Bob Danvers-Walker, naye alikuwa akisoma karatasi studioni.

Mfano mkubwa ni Hindenburg, chombo cha anga cha Wajerumani kilichoelea kwa gesi ya haidrojeni na kuungua Lakehurst, New Jersey, tarehe 6 Mei 1937. Wapiga picha wa kampuni kadhaa za sinema walikuwepo. Herbert Morrison, mtangazaji wa redio ya WLS ya Chicago, naye alikuwepo, ila hakuwa na kamera na wala hakuwa hewani. Yeye na fundi wake walikuwa wakirekodi kwenye santuri, na maneno yake yalirushwa siku iliyofuata. Kilio chake na picha za wale wengine viliunganishwa baadaye, vikashikana kiasi kwamba leo ukiona moto ule bila sauti unahisi umepunjwa. Na kwa kuwa sauti ni ya mtu aliyekata tamaa, watazamaji huondoka wakiamini kwamba hakuna aliyepona. Waliokuwemo walikuwa 97. Walikufa 35 kati yao, pamoja na mfanyakazi mmoja aliyekuwa chini uwanjani. Walio wengi walitoka hai. Moto wenyewe ulivyoanza, hakuna mkanda unaojulikana uliowahi kuudaka.

“Watu wa kale walitembea haraka haraka”

Walitembea kama sisi. Kamera za mwanzo zilizungushwa kwa mkono, kwa wastani wa fremu, yaani picha moja moja za mkanda, 16 hivi kwa sekunde. Sinema ilipopata sauti, mwendo ukawa fremu 24. Chukua mkanda wa zamani uuonyeshe kwa mwendo mpya, na hata maandamano ya mazishi yatakuwa mbio.

“Zote ziliigizwa”

Hii ni dhana ya wajuaji, na inanikera kuliko zote, maana robo yake ni kweli. Katika filamu ya Waingereza kuhusu mapigano ya Somme, Ufaransa, katika Vita Kuu ya Kwanza, iliyotoka Agosti 1916, kuna askari wanaopanda kutoka kwenye handaki na mmoja anateleza kurudi chini kama aliyepigwa risasi. Watafiti wanakubaliana kwamba kipande hicho kilipigwa kwenye uwanja wa mazoezi, nyuma ya mstari wa vita. Lakini katika filamu hiyohiyo, ule mlipuko wa baruti iliyotegwa chini ya kilima cha Hawthorn Ridge, wa asubuhi ya Julai 1, 1916 ni wenyewe hasa. Geoffrey Malins alikuwa na kamera yake pale. Sehemu kubwa ya filamu ni ya kweli. Anayeitupa yote kwa sababu ya sekunde chache anapoteza zaidi ya anayeiamini yote.

Kinyume chake ni picha ya askari wa Marekani wakisimamisha bendera yao kwenye kisiwa cha Iwo Jima, Japani, Februari 23, 1945. Mpiga picha hiyo, Joe Rosenthal, ameshutumiwa kwa miongo kwamba aliwapanga wale askari. Pembeni yake alisimama Bill Genaust, akipiga filamu tukio lilelile, na kwenye mkanda wake bendera inapanda kwa mwendo mmoja bila mtu kuombwa lolote. Kilicho kweli ni kwamba ile ilikuwa bendera ya pili siku hiyo. Mkanda wa Genaust ni wa rangi, jambo linalowashangaza wanaodhani vita vile vilipigwa kwa nyeusi na nyeupe tu. Yeye mwenyewe alikufa kisiwani humo siku tisa baadaye.

“Kilichotokea ndicho kilichopigwa”

Hapa ndipo sisi wa Afrika Mashariki tunaguswa. Filamu za habari za Uingereza kuhusu Mau Mau zilipigwa kutoka upande wa askari: misako, walowezi wenye bastola kiunoni, msimulizi akisema “magaidi”. Hazikubuni, walowezi kweli waliuawa. Ila katika miaka yote ya hali ya hatari, raia wa Kizungu waliouawa walikuwa 32. Raia Waafrika waliouawa na Mau Mau walikuwa takribani 1,800. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, wapiganaji waliouawa walizidi 11,000, na walionyongwa ni zaidi ya elfu moja. Ukizijua habari kwa mikanda pekee, utaukadiria uwiano huo kinyumenyume.

Hata pale taarifa zilipotoka, hazikuaminika. Mahabusu 11 walipopigwa hadi kufa kambini Hola mnamo Machi 3, 1959, maelezo ya kwanza ya serikali yalihusisha vifo na maji waliyokunywa. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 katika kesi ya Wakenya 5,228 walioteswa. Kesi ilisimama juu ya maneno ya wazee wenyewe, na ya mafaili ya kikoloni yaliyokuwa yamefungiwa Hanslope Park, ghala la serikali huko Uingereza, hadi yalipotajwa hadharani mwaka 2011.