Tiba ya kisaikolojia kwa kijana balehe: yanayofanyika kikaoni na nafasi ya mzazi

Kijana mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu, haonekani mwenye huzuni kila mara. Wengi huwa wakali, hujibu mkato, huacha michezo waliyoipenda, hukesha usiku na kushuka darasani. Ndiyo maana wazazi humleta kwa mwanasaikolojia kama mkosaji anayestahili kuonywa. Hali hiyo ikidumu wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, ikamkwamisha katika masomo, usingizi au urafiki, anahitaji kupimwa na mtaalamu.

Tiba inayotumika sana ni ile ya utambuzi na tabia, yaani ya kubadili namna ya kufikiri na kutenda, ambayo msingi wake uliwekwa na daktari wa akili Mmarekani, Aaron Beck, katika miaka ya 1960. Kikao huchukua dakika 45 hadi 60, mara moja kwa wiki, na kwa kawaida huhitajika vikao 12 hadi 16. Familia nyingi hukatisha mapema, baada ya kijana kuchangamka kidogo, kabla hajajifunza mbinu za kujikinga hali isimrudie.

Jambo linaloharibu tiba kwa haraka zaidi ni kuvunjwa kwa usiri. Siku ya kwanza mtaalamu huwaeleza kijana na mzazi, wakiwa pamoja, kwamba yatakayosemwa hayatoki nje isipokuwa kuna hatari ya kijana kujiua au kujidhuru vibaya, kumdhuru mwingine, au kuna ukatili anaotendewa. Mzazi ana haki ya kujua malengo ya tiba na maendeleo kwa ujumla. Akimhoji mwanawe njiani, “Umemwambia nini?”, kikao kijacho kijana atanyamaza, na kimya hicho huweza kudumu wiki kadhaa. Swali lenye manufaa ni hili: “Kuna jambo ungependa nikusaidie wiki hii?”

Tiba hii hutumika pia kwa kijana mwenye hofu, na hapo kazi kubwa ni kuikabili hatua kwa hatua. Tuseme kijana anaogopa kuongea mbele ya darasa. Yeye na mtaalamu huorodhesha hali zinazomtisha na kuzipa alama kuanzia 0 hadi 10: kumuuliza mwalimu swali baada ya kipindi ni 3, kujibu swali akiwa ameketi ni 6, kuwasilisha kazi mbele ya wote ni 9. Huanza na ile ya 3, na kuirudia siku tofauti hadi aizoee, ndipo apande. Akikimbia hofu ikiwa kileleni, anajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa, na mara ijayo hofu huja na nguvu zaidi. Barua ya mzazi ya kumwombea ruhusa kila siku ya kuwasilisha ina athari hiyohiyo, ingawa imeandikwa kwa upendo. Kumrusha moja kwa moja hadi 9 nako humvunja moyo.

Kwa sonona, njia ni kupanga shughuli ndogo zenye saa maalumu, kama kutembea dakika 15, na kuandika hali ya moyo kabla na baada. Hamu hurudi baada ya kutenda, kwa hiyo kuisubiri irudi kwanza ni kurefusha ugonjwa.

Daktari anaweza kuongeza dawa, hasa sonona ikiwa kali. Wiki za mwanzo kijana afuatiliwe kwa karibu, maana mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka, na dawa isikatishwe ghafla.

Kijana asipomwamini mtaalamu baada ya vikao vitatu au vinne, aseme wazi. Kubadilisha mtaalamu kunaruhusiwa.

Ukihisi anafikiria kujiua, muulize waziwazi, kwa sauti tulivu. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa, sumu na vitu vyenye ncha kali mahali alipo, na umpeleke hospitali siku hiyohiyo bila kungoja kikao kijacho.