Mhisiwa au mgonjwa? Jinsi visa vya ugonjwa wa njia ya hewa vinavyohesabiwa

Taarifa inasema: "Wahisiwa 40, kati yao 6 wamethibitishwa." Wale 34 si wagonjwa?

Huenda wanaumwa, ila haijajulikana wanaumwa nini. Mhisiwa ni mtu aliyetimiza masharti yaliyowekwa kwa ugonjwa husika. Kwa SARS, ugonjwa mkali wa njia ya hewa uliosambaa mwaka 2003, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitaka homa ya zaidi ya nyuzijoto 38, kikohozi au kupumua kwa shida, na tena awe amekaribiana na mgonjwa au ametoka eneo lenye maambukizi ndani ya siku 10 kabla ya kuugua. Bila sharti hilo la mwisho, kila mwenye mafua angeingizwa kwenye hesabu.

Na "mwenye uwezekano mkubwa" ni nani?

Ni yule ambaye ushahidi unaelekeza kwamba ana ugonjwa huo lakini maabara haijasema neno. Mhisiwa wa SARS akipigwa picha ya kifua ikaonyesha nimonia, alihamishiwa hapa. Katika COVID-19 waliingia pia watu wazima waliokufa kwa kushindwa kupumua baada ya kukaribiana na mgonjwa, bila sababu nyingine ya kifo. Kundi hili hudharauliwa kama la kubahatisha, na si haki: hata jedwali la WHO la SARS, lenye watu 8,096, kichwa chake kinawataja hivyo hivyo, wagonjwa wenye uwezekano.

Aliyethibitishwa lazima awe na dalili?

La. Kwa COVID-19, kipimo cha PCR, cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi, kikionyesha virusi kilitosha.

Kipimo kikitoka hasi?

Kwa kawaida mtu huondolewa kwenye orodha. Lakini sampuli ikichukuliwa mapema mno au vibaya, virusi vinaweza kukosekana, ndiyo maana daktari mwenye shaka hurudia kupima.

Mbona idadi huruka ghafla?

Wakati mwingine kilichobadilika ni masharti. Februari 2020, mkoa wa Hubei nchini China ulianza kuwahesabu pia waliotambuliwa na madaktari kwa dalili na picha za mapafu. Kwa siku moja zikatangazwa kesi mpya 14,840, na 13,332 kati yake ni za aina hiyo. Wengi wao walikuwa wakiumwa tangu kabla ya siku hiyo.

Mhisiwa asubiri majibu ndipo atibiwe?

Hapana. Makundi haya ni ya kuhesabia. Anayehitaji oksijeni hupewa, na hutengwa na wengine, majibu yakiwa bado maabara.