Je, wajua kwa nini wanafunzi wa sekondari hugombea viti?

Muhula unapofunguliwa katika shule nyingi za kata nchini Tanzania, wapo wanafunzi wanaofika mapema kuliko siku yoyote nyingine ya mwaka. Safari hii hawakimbilii namba za kuwahi, wanakimbilia viti.

Sababu ya kwanza ni kiti chenyewe. Shule ya msingi wanafunzi hukaa pamoja kwenye dawati, lakini sekondari kila mmoja anapaswa kuwa na kiti na meza yake. Kiti kikilegea miguu au kung'oka ubao, mwenye nacho huanza kuangalia cha jirani, ndiyo maana utakuta majina yamechorwa kwa bikari nyuma ya viti. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilipofutwa kuanzia Januari 2016, wanafunzi waliongezeka. Kiwango kinachotakiwa ni wanafunzi 40 kwa darasa. Wakizidi hapo, anayechelewa hubaki na kiti kibovu.

Sababu ya pili ni mahali kiti kilipo, na hapa ndipo penye uzito. Katika eneo la wazi, sauti hupungua kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapozidi mara mbili. Ndani ya darasa kuta husaidia kuirudisha, lakini anayekaa nyuma bado husikia kidogo kuliko wa mbele. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kelele za darasani zisizidi desibeli 35 somo linapoendelea. Mvua ikianza kupiga bati lisilo na dari, pendekezo hilo halina maana tena, na anayemsikia mwalimu ni yule wa safu ya mbele peke yake.

Macho nayo yana hesabu yake. Mwanafunzi mwenye uoni wa 6/12 husoma kwa mita 6 kile ambacho wengine wanakisoma kwa mita 12. Mtoto huyo akikosa miwani, kiti cha mbele ndiyo miwani yake.

Lipo pia jicho la mwalimu. Mwaka 1970 watafiti Raymond Adams na Bruce Biddle walieleza kwamba mazungumzo mengi ya mwalimu na wanafunzi huwaangukia waliokaa mbele na katikati. Baadaye, katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, Katherine Perkins na Carl Wieman waliwapangia wanafunzi wa fizikia viti bila kuwachagua, wakachapisha matokeo mwaka 2005: walioanzia nyuma walifeli zaidi, ingawa katikati ya muhula walihamishiwa mbele. Waliofanya jaribio kama hilo katika somo la biolojia hawakuona tofauti hiyo, kwa hiyo si haki kusema kiti pekee ndicho kinachofelisha.

Sasa mbona nyuma nako kunagombewa? Wengi husema ni watukutu wanaotafuta pa kupigia soga. Wapo, lakini jibu hilo linawaonea wengine wengi. Mtoto wa Kitanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali amefundishwa kwa Kiswahili miaka saba. Akiingia kidato cha kwanza, isipokuwa somo la Kiswahili na mengine machache, anakutana na Kiingereza. Swali la baiolojia analijua, ila sentensi ya kulijibia hana, na akikosea darasa zima litacheka. Nyuma, karibu na ukuta, mwalimu hamfikii upesi kwa swali.

Hapo ndipo ninapoumia. Lugha ngeni huhitaji sauti safi kuliko lugha ya nyumbani, kwa sababu neno la Kiswahili likimezwa na kelele, masikio hulijaza yenyewe; la Kiingereza likimezwa limepotea. Kuona midomo ya mwalimu husaidia pia. Kwa hiyo anayekimbilia nyuma kwa aibu ya lugha ndiye hasa aliyehitaji kukaa mbele, na viti vikiachwa kwa wenye mbio na wenye misuli, hakuna atakayemrudisha.

Baadhi ya walimu wa darasa huandika mpango wa ukaaji na kuzungusha safu kila baada ya wiki mbili au tatu, wakiwaacha mbele daima wenye shida ya macho na masikio. Kazi hiyo inahitaji karatasi moja na monita mwaminifu, na inaweza kuanza Jumatatu ya kwanza ya muhula, kabla majina hayajachorwa kwenye viti.