Je, Lamu hulala baada ya Isha?

Wasafiri wengi huja Lamu wakiamini kwamba ikishaswaliwa Isha mji umekwisha, na mgeni hana la kufanya ila kupanda kitandani. Ni rahisi kuona imani hii ilikotoka: mji ni wa Waislamu, muziki wa disko hausikiki vichochoroni, na pombe haiuzwi kila duka.

Lakini usiku wa Lamu upo, ila haukai ndani ya kilabu. Nenda Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome iliyomalizwa kujengwa mwaka 1821. Wazee wamekaa barazani, kete za bao zinagonga, na muuza kahawa anamimina kahawa chungu kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono. Kando ya bahari kuna moshi wa mishkaki. Mimi sijui starehe inayozidi hiyo. Mwezi wa Ramadhani ndio kabisa: watu hutembea hadi karibu na daku.

Anayetaka bia huipata katika baadhi ya hoteli, hasa upande wa Shela, takriban kilomita 3 kutoka mjini. Usiku huko huendewa kwa boti, basi patana nauli ya kwenda na kurudi kabla hujapanda.

Ukitaka kuhakikisha, angalia kalenda ya Kiislamu kabla ya safari, kisha muulize mwenyeji swali mahususi: “Baada ya Isha nyinyi hukaa wapi?” Usiulize kama kuna kilabu. Na vaa nguo za heshima, utakaribishwa barazani.