Kiwango kwa kila watu 100,000: namna ya kusoma takwimu za bunduki Marekani

Mwaka 2021 watu 3,576 walikufa kwa risasi katika jimbo la California. Mwaka huohuo Mississippi ilizika 962. Ukiishia hapo utaona California ndiyo ya kuogopwa. Lakini California ina wakazi wapatao milioni 39, na Mississippi haifiki milioni 3. Gawanya vifo kwa wakazi, kisha zidisha kwa 100,000: California inapata takriban 9, Mississippi inavuka 30. Mkazi wa Mississippi alikuwa kwenye hatari zaidi ya mara tatu.

Hicho ndicho kiitwacho kiwango kwa kila watu 100,000. Idadi inakwambia wamekufa wangapi. Kiwango kinakwambia hatari inayomkabili mkazi mmoja ni kubwa kiasi gani. Zote mbili zina haki yake, maana kila mmoja wa wale 3,576 alikuwa mtoto wa mtu. Ila anayetaka kulinganisha jimbo na jimbo, au mwaka na mwaka, kwa idadi tupu, anapima debe kwa kibaba.

Ukishapata kiwango, linakuja swali la mwaka wa kuanzia, na hapa ndipo mabishano mengi yanapozaliwa. Mwaka 1991 kiwango cha mauaji ya kila aina Marekani kilikuwa karibu 10 kwa kila watu 100,000. Kufikia 2014 kilikuwa kimeshuka hadi chini ya nusu ya hapo. Kisha 2020 mauaji yakaruka kwa karibu asilimia 30 ndani ya mwaka mmoja, mruko mkubwa kuliko wowote uliowahi kurekodiwa nchini humo, na baada ya 2021 yakaanza kuteremka tena. Anayeanzia 2014 na kusimama 2021 atakuonyesha nchi inayoungua. Anayeanzia 1991 atakuonyesha nchi iliyotulia sana. Hakuna aliyebuni tarakimu, lakini kila mmoja amechagua mahali pa kukata uzi. Mimi nikiona mchoro wa aina hii, macho yangu huenda kwanza kwenye mwaka ulioandikwa pembeni kushoto.

Kuna pia suala la nani amehesabu. FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu, hukusanya taarifa kutoka vituo vya polisi, kwa hiyo tukio lisiloripotiwa halimo. Tangu 1973 serikali ya Marekani inaendesha pia utafiti unaopita kwenye kaya na kuwauliza watu wenye miaka 12 na zaidi kama wameshambuliwa au kuporwa, wawe walikwenda polisi au la. Utafiti huo umeonyesha mara nyingi kwamba chini ya nusu ya matukio ya uhalifu wa nguvu hufika polisi. Una pengo lake: mauaji hayamo, kwa sababu aliyeuawa hawezi kuhojiwa. Mwaka 2022 hesabu hizi mbili zilipishana waziwazi. FBI mwanzoni walionyesha uhalifu wa nguvu umepungua kidogo, na utafiti wa kaya ukaonyesha umepanda kutoka 16.5 hadi 23.5, safari hii kwa kila watu 1,000. Kila upande wa siasa ukachukua karatasi iliyoupendeza.

Hata ndani ya faili za polisi kuna kanuni za kuhesabu. Chukua mtu anayeingia dukani na bunduki, anapora pesa, anamuua mwenye duka, kisha anatoroka na gari lililoibwa. Kwa mfumo wa zamani wa FBI, kosa zito kuliko yote ndilo lililoingia kwenye jumla: mauaji, moja. Uporaji ulimezwa na tukio hilohilo. Mwaka 2021 FBI walihamia mfumo unaorekodi kila kosa la tukio, ambao kwa maoni yangu ni bora zaidi, lakini idara nyingi hazikuwa tayari, zikiwemo za New York na Los Angeles. Picha ya taifa ya mwaka huo, mwaka uliobishaniwa kuliko yote, ikabaki na matundu makubwa yaliyozibwa kwa makadirio.

Linaloniuma zaidi katika mjadala huu ni kundi ambalo takwimu za uhalifu haziwezi kulionyesha kabisa. Jumla ya vifo vya risasi hutolewa na CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, kutoka kwenye vyeti vya vifo. Kwa mwaka 2023 jumla hiyo ni 46,728, na kati yao 27,300 walijiua. Ni karibu sita katika kila kumi. Ndiyo sababu Wyoming, jimbo lenye watu wachache na mauaji machache, huwa na kiwango kikubwa cha vifo vya risasi mwaka hadi mwaka. Msomaji akisikia vifo vya bunduki huwaza kona ya mtaa wa jiji usiku. Wyoming mara nyingi ni mtu mmoja, peke yake, na bunduki ya nyumbani. Kifo chake kimeandikwa kwenye cheti, kimo katika jumla ya CDC, na katika jedwali la polisi la uhalifu hakuna safu yake.