Kufunga dashikamu mwenyewe nyumbani: kamera haina shida, shida ni umeme

Wadau habari zenu, huku Tabora jua la mwezi wa kumi linatuchoma kama kawaida na mi nipo zangu chini ya mwembe na magari ya watu. Fundi umeme wa magari, kwa wanaopita hapa mara ya kwanza.

Juzi mama mmoja mwalimu wa Ipuli kaniletea IST yake imevutwa kwa kamba, siku ya tatu mfululizo asubuhi haiwaki, ananiambia mwanangu hii betri nimenunua juzi tu. Shikamoo mama, nikafungua boneti, betri kweli mpya, ila kuchungulia chini ya dashibodi nakuta waya wa dashikamu, ile kamera ya kwenye kioo cha mbele inayorekodi barabara, umeungwa kwenye fyuzi ya taa ya ndani, ile yenye moto muda wote, yaani gari imezimwa mama amelala na kamera inaendelea kula tu. Na wala siwezi kumcheka aliyeifunga maana ya kwanza kabisa kufunga mimi, kwenye Probox yangu mwenyewe, nilifanya hivyohivyo, nikapanda basi nikaenda kwenye msiba Kaliua siku nne, narudi starta inanijibu tik tik tik.

Hesabu yake ndogo. Kamera ya kawaida inavuta kama ampia 0.3 kwenye volti 12, zidisha saa 24 unapata ampia-saa (Ah) 7 na ushee kwa siku. Betri ya Ah 45 ikilala siku tatu hivyo karibu nusu imeshaondoka, na betri ya kuwashia gari haipendi kushushwa namna hiyo, ukiirudia rudia inakufa hata uichaji vipi.

Kwahiyo kama ndo unaanza, chomeka kwenye soketi ya sigara basi. Magari yetu mengi ya Kijapani hiyo soketi inakata ukizima gari, we hakikisha tu kwa kuzima na kuangalia kama kamera nayo inazima. Tumia chaja iliyokuja na kamera, hizi za bei chee zinafanya redio ikorome mpaka husikii taarifa ya habari.

Ukitaka iwe inarekodi hata gari ikiwa imepaki, hapo nunua ile seti ya waya tatu yenye kishusha volti. Nyeusi inaenda kwenye bodi, tafuta bolti inayogusa chuma kitupu sio rangi. Nyekundu kwa kawaida inaenda kwenye fyuzi inayowaka ukifungua swichi, njano kwenye fyuzi yenye moto muda wote. Sasa tofauti na aliyofungiwa yule mama ni kwamba hii seti inapima betri na ikishuka inakata yenyewe, nyingi unachagua kiwango, mi naweka 12.0 au 12.2 na sio 11.6, kwasababu kwenye 11.6 itakuwa imekata wakati betri imeshachoka na asubuhi gari haiwaki.

Usichune waya wa gari ukasokota na selotepu jamani!! Kuna kidude kinabeba fyuzi mbili, unachomoa fyuzi ya gari unaichomeka humo, na juu yake unaweka ya kamera ya ampia 2 au 3. Kabla ya kukichomeka pima kwa tesita upande upi wa tundu una moto, halafu ule mguu usio upande wa waya ndo uingie hapo kwenye moto. Fyuzi zilizoandikwa ABS (breki), SRS (eabegi) na EFI (injini) usiziguse, chukua ya redio, CIG (soketi ya sigara) au DOME (taa ya ndani).

Kupitisha waya ni rahisi, unausukumia kwenye upenyo wa silingi kwa kadi ya plastiki halafu unashuka nao ndani ya mpira wa mlango. Ila kama nguzo ya pembeni ya kioo imeandikwa SRS ujue humo kuna eabegi, waya usiukatize kwa mbele yake maana ikifumuka inaurusha huo waya usoni kwako. Baki kwenye mpira tu.

Kamera ikae nyuma ya kioo cha ndani upande wa abiria, pale waipa inapofuta. Kioo futa kwa spiriti, bandika asubuhi kioo kikiwa cha baridi na usibandike mchana huu wetu. Na kwa joto hili tafuta kamera yenye kapasita badala ya betri ya lithiamu, za lithiamu nishazitoa zimevimba kama andazi.

Kitu cha mwisho ni sensa ya mtikisiko. Gari ikigongwa inaifunga ile video isifutwe, lakini barabara zetu za vumbi ukiiweka kwenye hisia ya juu kila shimo yenyewe inaona ajali, wiki moja memori kadi imejaa video za mashimo. Weka chini kabisa. Mi niliisahau juu kwenye Probox, na ajali ya kwanza kunifungia ilikuwa saa nane usiku, nikaruka kitandani nikidhani wezi, kumbe embe limedondokea boneti.