Modi za kuchanganya leya na hesabu ya rangi

Modi ya kuchanganya ni kanuni inayoiamuru programu ya picha, iwe Photoshop, GIMP au Krita, ifanye nini na rangi ya leya (tabaka la picha) ya juu inapokutana na ya chini. Kila pikseli, yaani nukta ya picha, ina namba tatu, nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 (giza tupu) hadi 255 (mwanga kamili). Modi ya kawaida hufunika tu. Nyingine nyingi hupiga hesabu, kila namba kivyake.

Chukua bango la Maulidi ya Lamu. Chini kuna picha ya ukuta wa mji wa kale, rangi ya mchanga 230, 215, 190. Juu umeweka wekundu wa 200, 40, 40. Modi ya Maltiplai (Multiply) huzidisha namba mbili, ikagawanya kwa 255: unapata 180, 34, 30. Jibu haliwezi kung'aa kuliko leya yoyote kati ya hizo, na mikwaruzo ya chokaa inabaki kuonekana, wekundu ukakaa kama umepakwa ukutani. Nyeupe ya 255 haibadilishi kitu, ndiyo maana nembo yenye weupe nyuma yake hutua juu ya picha bila kukatwa.

Lakini iwe nyeupe kweli. Nembo ya JPEG iliyotumwa kwa simu mara nyingi ina 250 tu. Palipokuwa na 204 kwenye picha ya chini panashuka hadi 200, na kisanduku hafifu kinajitokeza kuizunguka. Kupunguza opasiti (uzito wa leya usiopenywa na ya chini) hakusaidii, kwani nembo nayo hufifia. Rekebisha viwango (Levels) vya leya hiyo, ushushe kikomo cha nyeupe hadi 245.

Modi ya Skrini (Screen) hufanya kinyume: nyeusi ndiyo hupotea, na 150 juu ya 150 hutoa 212, ambapo Maltiplai ingetoa 88. Inafaa kwa taa zilizopigwa picha gizani.

Modi ya Ovalei (Overlay) huitazama leya ya chini: isipofika 128 huzidisha, ikizidi hufuata Skrini. Kwa hiyo ukibadilisha mpangilio wa leya, rangi hubadilika pia. Kanzu iliyo kwenye leya ya chini, ikiwa jua la mchana limeifanya nyeupe tupu ya 255 pichani, haishiki rangi yoyote kwa Ovalei. Itie kwa Maltiplai.

Bango likienda kuchapishwa, unganisha leya zote kabla ya kuhamia CMYK, mfumo wa rangi za wino wa kuchapishia. Ukihama kwanza, hesabu hufanywa upya kwa namba za wino, na rangi zinahama.